Bandama Isiyo na Hatia

Mwaka 1938 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya madaktari wawili wa Uingereza, West-Watson na Young, kuhusu mgonjwa mwenye manjano na upungufu mkubwa wa damu. Chembe zake nyekundu zilikuwa zinavunjika mwilini upesi kuliko uboho ulivyoweza kutengeneza nyingine. Kwa ugonjwa wa namna hiyo madaktari wa siku zile walikuwa na tiba moja waliyoitegemea, nayo ni kutoa bandama. Bandama ikatolewa. Damu ikaendelea kuvunjika vilevile. Nafuu ilikuja baadaye, alipoondolewa uvimbe wa ovari wa aina ya dermoidi, kitu ambacho vitabu vya wakati ule havikukihusisha na damu kwa namna yoyote.

Kisa hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kuandikwa. Vilivyofuata tangu hapo, duniani kote, bado vinahesabika kwa makumi. Ugonjwa huu ni adimu kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi hadi anastaafu bila kuuona. Hata hivyo ninauona unastahili sura nzima. Mgonjwa wake anaweza kuteseka miaka na dawa kali, akaongezewa damu chupa kwa chupa, akapoteza hata kiungo kisicho na kosa, ilhali chanzo kimekaa kwenye nyonga, kinaonekana kwa kipimo kilichoenea hadi hospitali za wilaya, na kikitolewa ugonjwa huondoka.

Tuanze na bandama yenyewe, maana haikushtakiwa bure.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Haina kiini, haiwezi kujikarabati, na kadiri inavyozunguka mwilini utando wake unachakaa. Ili kufidia zinazokufa, uboho hutoa chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kazi ya kuzitambua zilizochoka inafanywa zaidi na bandama, ambayo wengine huiita wengu, iliyojificha upande wa kushoto nyuma ya mbavu za chini. Humo damu hupitishwa kwenye vipenyo vyembamba kuliko upana wa chembe. Chembe laini hujikunja ikapita. Iliyokakamaa hukwama, na seli walaji zilizomo humo huimeza. Chuma chake kinarudi ubohoni kutengeneza hemoglobini mpya, na sehemu nyingine inageuka kuwa bilirubini, ile rangi ya njano ambayo ini huitoa kupitia nyongo. Chembe zikivunjwa kwa wingi kupita uwezo wa ini, rangi hiyo inabaki kwenye damu, na macho yanakuwa ya njano.

Sasa chukua chembe changa, nzima kabisa, ila imepakwa kingamwili juu ya utando wake. Seli walaji ina vipokezi vinavyoshika mkia wa kingamwili. Ikishaikamata chembe hiyo, mara nyingi haiimezi yote. Inamega kipande cha utando, chembe inaponyoka. Utando umepungua na vilivyomo ndani ni vilevile, kwa hiyo chembe inajikaza na kuwa mviringo mtupu. Weka tone la damu ya mgonjwa huyu kwenye kioo, ulipake rangi, uliangalie kwa hadubini. Chembe ya kawaida ina weupe katikati kwa sababu imebonyea pande zote mbili. Hizi zilizomegwa ni ndogo, wekundu wake umekolea mpaka katikati, hazina weupe hata kidogo. Katikati yao utaona nyingine kubwa kuliko kawaida, zenye usamawati, nazo ni chembe changa ambazo uboho umezitoa kabla hazijakomaa. Kwa mtu mwenye afya chembe changa ni kama 1 katika kila 100. Kwa mgonjwa huyu zinaweza kufika 10, 20 au zaidi. Kioo kimoja kinakuonyesha uharibifu na jitihada za kuufidia kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu hakuna karatasi ya majibu ya mashine inayoweza kulingana na dakika tano za mtaalamu wa maabara anayejua anachokitafuta kwenye kioo hicho.

Chembe iliyokuwa mviringo haijikunji tena. Ikirudi kwenye bandama safari nyingine, haitoki. Ndiyo maana kuitoa bandama kulionekana kuwa jambo la akili, na kwa wagonjwa wengi kulisaidia kweli. Lakini bandama inatekeleza tu hukumu iliyokwisha kutolewa na kingamwili. Ukiiondoa huku kingamwili zikiendelea kumiminika, seli walaji za kwenye ini zinaweza kuendelea na kazi ileile.

Imani ya madaktari kwa upasuaji huo ilikuwa na historia, na mwanzo wake unashangaza ukiuweka karibu na kisa cha 1938. Mwaka 1887 Sir Thomas Spencer Wells wa London, ambaye jina lake lilikuwa kubwa hasa kwa upasuaji wa ovari, alimfungua tumbo mwanamke kijana akidhani ana uvimbe wa kizazi. Alichokikuta ni bandama iliyovimba. Akaitoa, na manjano yaliyokuwa yakimjia na kumwondoka mwanamke huyo yakakoma. Zaidi ya miaka 40 baadaye Lord Dawson wa Penn aliipima damu ya mama huyo na kubaini kuwa alikuwa na chembe dhaifu za kurithi, ugonjwa ambao kwa kweli hutulia bandama inapotolewa. Wells alikwenda kutafuta nyongani akakuta bandama. Nusu karne baadaye wenzake wakakimbilia bandama, kumbe shauri lilikuwa nyongani. Upasuaji ni uleule, manjano ni yaleyale kwa macho, lakini magonjwa ni mawili tofauti kabisa, na hapakuwa na kipimo cha kuyatenganisha.

Palikuwa pia na kizuizi cha fikra. Paul Ehrlich, Mjerumani aliyeweka misingi mingi ya elimu ya kinga, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mwili una hofu ya kujidhuru wenyewe, hivyo hautengenezi silaha dhidi ya tishu zake. Mwaka 1904 Julius Donath na Karl Landsteiner huko Vienna walionyesha wazi kingamwili inayovunja chembe za mgonjwa mwenyewe baada ya mwili wake kupata baridi. Ushahidi huo ulichukuliwa kama jambo la pekee lisilogusa kanuni. Mwaka uleule wa 1938, William Dameshek na Steven Schwartz wa Boston waliandika kwamba katika seramu ya baadhi ya wagonjwa wa upungufu wa damu wa ghafla kuna vitu vinavyovunja chembe. Taarifa mbili, upande huu na ule wa Bahari ya Atlantiki, moja ikionyesha silaha na nyingine ikionyesha palipotoka amri. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuziunganisha.

Kiunganishi kilikuja 1945, na kililetwa na daktari wa mifugo. Robin Coombs alizaliwa London mwaka 1921, akakulia Afrika Kusini, akasomea tiba ya wanyama Edinburgh. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Cambridge akihangaika na kingamwili fulani za kundi la Rh ambazo zinashika chembe nyekundu lakini hazizigandishi, kwa hiyo hazionekani. Mwenyewe alisimulia kuwa wazo lilimjia usiku, ndani ya behewa lenye taa hafifu, treni ikitoka London kwenda Cambridge. Kingamwili ni protini ya binadamu. Mchome sungura protini ya binadamu, naye atatengeneza kingamwili dhidi yake. Chukua seramu ya sungura huyo, imimine juu ya chembe zilizopakwa, na zitashikamana mbele ya macho yako. Coombs, Arthur Mourant na Robert Race wakachapisha matokeo. Carlo Moreschi, Mwitaliano, alikuwa amekwisha kueleza kanuni hiyo mwaka 1908, lakini kazi yake ilikuwa imesahauliwa.

Kipimo cha Coombs hakihitaji mitambo mikubwa. Chembe za mgonjwa zinaoshwa kwa maji ya chumvi, zinazungushwa kwenye mashine mpaka zikae chini, maji yanamwagwa, zinaoshwa tena, mara tatu au zaidi. Asiyeosha vizuri anaharibu kazi yote, kwa sababu protini zinazoelea kwenye damu zitaimaliza seramu ya kipimo kabla haijazifikia chembe, na jibu litakuja hasi la uongo. Baada ya kuosha unatia matone ya seramu, unazungusha tena, kisha unaitikisa tyubu taratibu huku unaikodolea macho. Kama chembe zinainuka kama vumbi laini na kutawanyika, jibu ni hasi. Kama zinanyanyuka vipandevipande, au bonge zima linabanduka bila kuvunjika, jibu ni chanya, na ukubwa wa mabonge unaandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 4. Mwaka 1946 Kathleen Boorman, Barbara Dodd na John Loutit walikitumia kipimo hiki kwa wagonjwa wa manjano ya kuvunjika damu. Waliorithi chembe dhaifu walitoka hasi. Walioupata ugonjwa ukubwani walitoka chanya. Fundisho la Ehrlich lilikuwa limekutana na tyubu ya kioo.

Kuanzia hapo ugonjwa ukawa na jina: upungufu wa damu unaotokana na kinga ya mwili kushambulia chembe zake. Ni ugonjwa wa watu 1 hadi 3 hivi kati ya 100,000 kwa mwaka. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Coombs inasema kingamwili zipo kwenye chembe. Haisemi zimetoka wapi wala kwa nini zimeanza. Kwa takriban nusu ya wagonjwa hakuna chanzo kinachoonekana, na wakitibiwa hivyohivyo si kosa. Nusu nyingine wana jambo nyuma yake: saratani ya tezi za limfu, lupasi, virusi, dawa, na kwa wanawake wachache, uvimbe wa ovari. Karatasi ya maabara iliyoandikwa chanya ina namna ya kumridhisha daktari. Jina limepatikana, vidonge vinaandikwa, faili linafungwa. Mwanamke wa 1938 angeletwa leo hospitali yenye kila kitu, bado angeweza kuondoka na Coombs chanya, vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, mkononi, na uvimbe wake palepale.

Uvimbe wenyewe unaitwa teratoma iliyokomaa, au dermoidi. Ni miongoni mwa aina za uvimbe wa ovari zinazoonekana sana kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na asilimia 98 au zaidi si saratani. Unatokana na seli ya yai iliyoanza kugawanyika bila mbegu ya mwanamume. Utafiti wa Linder na wenzake mwaka 1975 ulionyesha hilo kwa kulinganisha kromosomu za uvimbe na za mwenye uvimbe. Seli ya yai ina uwezo wa kutengeneza tishu ya aina yoyote, na uwezo huo ukiamka mahali pasipo pake, unatengeneza bila mpango. Daktari anapoupasua mezani baada ya kuutoa, yanamiminika mafuta ya njano yaliyoyeyuka, kwa kuwa yalikuwa katika joto la mwili. Yakikaa kidogo kwenye trei, yanaganda na kuwa meupe. Ndani yake kuna nywele, wakati mwingine fundo zima, ndefu, na rangi yake si lazima ifanane na ya kichwani. Kwenye ukuta wa ndani kuna kinundu kigumu, na humo ndimo yanamokaa meno, vipande vya mfupa, tishu ya tezi ya shingo, hata tishu ya ubongo.

Mwanamke anayeambiwa kwamba tumboni mwake kumetoka nywele na meno anastahili kuelezwa vizuri, akiwa amekaa, mbele ya mtu anayemwamini. Wapo waliorudi nyumbani na maelezo nusu, na ndugu wakamalizia nusu iliyobaki kwa kutaja majirani na marogo. Hakuna aliyemtupia kitu. Haikuwa mimba, na hakikuwa kiumbe. Msichana asiyewahi kulala na mwanamume anaupata uvimbe huu kama mwingine yeyote, kwa sababu mayai yake alizaliwa nayo.

Kwa nini kitu hicho kilete kingamwili dhidi ya damu? Watafiti wana maelezo matatu. La kwanza ni kwamba tishu za uvimbe hubeba alama zinazofanana na zile za juu ya chembe nyekundu. Kinga inauona uvimbe kama mgeni, inautengenezea kingamwili, na kingamwili hizo zikiingia kwenye mzunguko zinazikuta chembe zenye alama kama hizo. La pili ni kwamba uvimbe wenyewe, ukiwa na tishu ya kila namna, una pia seli za kinga, na hizo ndizo zinazotengeneza kingamwili humohumo ndani. La tatu linasema uvimbe hutoa kitu kinachokwenda kushika juu ya chembe na kuzibadilisha sura, mwili ukazikana. Kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili zimekutwa kwenye majimaji ya uvimbe, jambo linaloyapa nguvu maelezo ya pili, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba wagonjwa wote wanafuata njia moja.

Mimi ninayapa uzito zaidi maelezo ya kwanza, na sababu yangu inatoka kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza wanawake 12 walioanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege na kupoteza fahamu. Wote walikuwa na teratoma, 11 kwenye ovari na mmoja kifuani. Ndani ya uvimbe ule mlikuwa na tishu ya neva yenye vipokezi vilevile vilivyomo kwenye ubongo, na kinga iliyoanza kupigana na uvimbe ilikuwa imepanda hadi kichwani. Wagonjwa wa namna hii walikuwa wakipelekwa wodi za wagonjwa wa akili. Uvimbe ulipotolewa na kinga kutulizwa, wengi walirudiwa na akili zao. Uvimbe wa aina ileile, kwenye kiungo kilekile, umeweza kuielekeza kinga kwa ubongo. Kuielekeza kwa damu si jambo la kushangaza tena.

Tuje kwenye hospitali zetu. Mwanamke wa miaka 26 anakuja amechoka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, midomo imepauka. Damu, yaani hemoglobini, ni gramu 6 kwa desilita. Afrika Mashariki sababu za kwanza kufikiriwa ni malaria, upungufu wa madini ya chuma, minyoo ya safura, hedhi nzito, ujauzito, selimundu, virusi vya UKIMWI, na ni sawa kabisa, kwa kuwa ndizo zinazowapata watu wengi. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, anaambiwa ale mboga za majani na maini. Anarudi baada ya wiki tatu, damu ni 5. Muuguzi anamwambia, "Dada, hunywi dawa wewe." Anazinywa. Mwili wake una chuma cha kutosha, tena kilichozidi, kwa sababu kila chembe inayovunjwa inakirudisha. Tatizo lake liko kwenye kuvunjika.

Dalili za kumtenga na wengine zipo, na hazihitaji mashine ya gharama. Macho yana unjano. Mkojo umekolea rangi. Chembe changa zimepanda, tofauti na mwenye upungufu wa chuma ambaye uboho wake hauna cha kutengenezea. Kwenye kioo chembe ndogo zilizokolea zimejaa. Kipimo cha malaria hakioni kitu, na kama kimeona, dawa imemaliza vimelea lakini damu haipandi. Hapo Coombs inafaa kuombwa mara moja. Ikitoka chanya kwa mwanamke, nyonga ikaguliwe kwa utrasaundi kabla ya kuridhika kwamba chanzo hakijulikani. Si lazima uvimbe uwe mkubwa wa kupapasika, wala si lazima umuume. Wanawake wengi wenye dermoidi hawahisi chochote mpaka siku inapojizungusha na kukata damu yake, au siku inapoonekana kwa bahati katika kipimo cha jambo lingine.

Maswali mawili zaidi yaulizwe kwa mdomo. Anatumia dawa gani? Mwaka 1966 Sheila Worlledge, Carstairs na John Dacie wa London walionyesha kwamba methyldopa, dawa ya presha ambayo wajawazito wengi kwetu wanaijua kwa jina la Aldomet, inaweza kuanzisha kingamwili dhidi ya chembe nyekundu. Wengi wa wanaotoka chanya hawaugui kamwe, lakini wachache damu yao huvunjika, na dawa ikisimamishwa ugonjwa unaisha. Hiyo nayo ni sababu iliyokaa nje ya damu, na isiyoonekana kwa asiyeuliza. Swali la pili ni kama amewahi kuzaa au kuongezewa damu, na umuhimu wake utaonekana sasa hivi.

Siku damu ya mgonjwa huyu inaposhuka hadi 3, anahitaji damu ya mtu mwingine, na maabara inakwama. Kingamwili zake zinashika chembe za karibu kila binadamu. Fundi anaijaribu chupa ya kwanza, haipatani. Ya pili, haipatani. Chupa zote za kundi lake zilizomo kwenye friji hazipatani, na taratibu zinamkataza kutoa damu isiyopatana. Mgonjwa anaweza kufa akisubiri chupa ambayo haipo. Madaktari waliozoea ugonjwa huu wanashikilia jambo moja: kama maisha yako hatarini, asinyimwe damu. Damu ya kundi lake itolewe kidogo na polepole, mtu akiwa amekaa naye. Chembe hizo hazitadumu, kama zake zisivyodumu, lakini zitambeba saa zinazohitajika. Hatari halisi ni kwamba chini ya kingamwili hizi kunaweza kuwa kumejificha nyingine za kweli dhidi ya damu ya wageni, nazo huwapata hasa waliozaa au waliowahi kuongezewa. Ndiyo maana ya lile swali.

Prednisoloni ndiyo inayoanza, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na asidi ya foliki, kwa kuwa uboho unaofanya kazi mara kadhaa ya kawaida unaimaliza haraka. Kwa wagonjwa wengi wasio na uvimbe damu hupanda ndani ya wiki chache. Kwa mwenye teratoma mara nyingi haipandi, au inapanda kidogo kisha dozi ikipunguzwa inaporomoka. Ikirudishwa juu, damu inatulia. Ikishushwa, inaanguka. Mzunguko huo unaweza kumla mtu miaka. Uso unavimba, sukari na presha vinapanda, mifupa inapungua nguvu, na maambukizi madogo yanakuwa makubwa. Kila anayerudia mzunguko huo bila kupata nafuu ya kudumu ni mtu wa kupigiwa utrasaundi tena, hata kama ya kwanza ilisomwa kuwa safi.

Ninachokiogopa zaidi kwetu ni hatua inayofuata. Vidonge vimeshindwa, dawa mpya kama rituximab ni ghali au haipo, basi jicho linarudi kwenye bandama. Mtu asiye na bandama anabaki maisha yake yote katika hatari ya maambukizi makali ya damu, hasa ya bakteria wa nimonia, ambayo yanaweza kumwua ndani ya saa chache. Katika nchi zenye malaria hasara ni mbili, kwa sababu bandama ndiyo inayochuja chembe zenye vimelea. Anahitaji chanjo, kinga ya malaria, na hospitali iliyo karibu kila anapopata homa. Kumtoza mtu gharama hiyo ni halali kama hakuna njia nyingine. Kumtoza kabla nyonga haijaangaliwa siwezi kukutetea.

Upasuaji wa kuutoa uvimbe wenyewe ni wa kawaida. Hospitali nyingi kubwa zinaufanya kwa matundu madogo, nyingine kwa kufungua tumbo. Daktari hujitahidi kuutoa uvimbe na kuibakiza ovari, hasa kwa msichana, na kuhakikisha haupasuki ndani, kwa sababu mafuta yake yakimwagika tumboni yanawasha na kuacha makovu. Ugumu uko kwenye kumlaza mezani mtu mwenye damu 6 ambaye damu ya akiba haipatani naye. Kwa hiyo mpasuaji, daktari wa usingizi, bingwa wa damu na maabara wanapaswa kukaa pamoja siku kadhaa kabla, steroidi ziendelee, na chupa zitafutwe mapema kwenye kituo cha damu salama badala ya usiku wa dharura.

Baada ya hapo mambo huenda haraka kuliko wengi wanavyotarajia. Katika visa vingi vilivyoandikwa hemoglobini imeanza kupanda ndani ya siku au wiki chache. Coombs inaweza kubaki chanya kwa muda, kwa sababu kingamwili zilizokwisha kutengenezwa zinahitaji wiki kupungua, na chanya hiyo peke yake isimtie mtu hofu kama damu inapanda na chembe changa zinashuka. Prednisoloni ipunguzwe polepole, kwani tezi za juu ya figo zilizonyamazishwa miezi kadhaa hazirudi kazini kwa siku moja. Uvimbe upelekwe patholojia, kuthibitisha kuwa ni teratoma iliyokomaa. Zipo saratani za ovari zilizowahi kuleta ugonjwa huuhuu, na matibabu yake ni tofauti. Kwa kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 wenye dermoidi huwa nayo pande zote mbili, ovari ya pili iendelee kuangaliwa, na damu ikianza kushuka tena utrasaundi ifanyike wiki hiyohiyo. Ovari iliyobaki hutoa mayai, na mwanamke huyu anaweza kushika mimba na kuzaa. Aiambie kliniki ya wajawazito historia yake siku ya kwanza kabisa, ili kingamwili zipimwe mapema na, kama presha itapanda, aandikiwe dawa nyingine badala ya methyldopa.